Kumhoji mgonjwa na kumweleza ugonjwa wake: anzeni mazoezi bwenini

Wanafunzi wanaokaribia kuingia wodini huniuliza waanzie wapi. Mimi ni daktari tarajali, na nawajibu: anzieni bwenini, watu watatu. Mmoja daktari, mmoja mgonjwa, mmoja mtazamaji mwenye saa na karatasi. Mgonjwa apewe siri asiyoitoa mpaka aulizwe vizuri. Mfano: mama wa miaka 55 mwenye presha, amekuja kwa maumivu ya kichwa. Siri yake: dawa za hospitali ameziacha, anakunywa mitishamba aliyopewa na jirani.

Toa shikamoo, sema wewe ni mwanafunzi, omba ruhusa, vuta kiti ukae. "Mama, nini kimekuleta hospitali leo?" Halafu nyamaza. Wengi hushindwa hapa, kwa hiyo mtazamaji ahesabu sekunde mpaka ulipomkatiza. Mgonjwa akinyamaza muulize, "Na kingine?" mpaka aseme basi.

Muda ndio unaosumbua kuliko yote. Ukiuliza "tangu lini?" utajibiwa "siku nyingi", na hilo halifai kuandikwa kwenye faili. Tumia kalenda ya mgonjwa: kabla ya Ramadhani au baada? Shule zilikuwa zimefungwa? Mlikuwa mmeshavuna mahindi? Ukipata mwanzo, fuata mwendo: kilianza ghafla au taratibu, kinazidi saa ngapi, kinaambatana na kutapika au macho kuona giza?

Kwenye dawa, "unameza vizuri?" haisaidii, wote husema ndiyo. Jaribu hivi: "Watu wengi hushindwa kumeza kila siku. Wewe wiki hii umeruka mara ngapi? Na za miti je, unatumia?" Usikunje uso akikujibu ukweli. Maswali ya ndoa na VVU yangoje ndugu watoke.

Kisha maelezo, dakika mbili tu, bila maneno ya darasani: "Mama, presha yako leo ni 170 kwa 100. Tunataka ishuke chini ya 140 kwa 90. Unaweza usisikie chochote, huku inaumiza mishipa ya ubongo, moyo na figo. Dawa utameza kila siku, hata ukijisikia mzima."

Usimalizie na "umeelewa?" Muulize: "Binti yako akitaka kujua daktari kasema nini, utamwambiaje?" Akijibu "nimalize dozi nipone", amechukulia presha kama malaria. Eleza upya kwa maneno mengine, bila kumlaumu, kisha muulize tena.