SOMO: Jinsi ya kuomba kipengele kipya kwenye programu ya kontakti za imeili ili wenye programu wakuelewe

Habari za saa hizi wadau. Somo hili ni kwa ajili ya wenzangu wa Bagamoyo hasa wenye gesti, waongoza watalii wa Mji Mkongwe na Kaole, na wasanii wanaopokea imeili za wageni tamasha la TaSUBa (chuo cha sanaa na utamaduni hapa Bagamoyo) likikaribia. Kila nikikaa na mtu kumpangia kontakti zake nasikia kilio kilekile, programu haina hiki, programu haiwezi kile, ukimuuliza umewaandikia wenyewe anasema nimewaandikia wamenyamaza, halafu ukisoma alichoandika ni "boresheni programu yenu ni ngumu sana". Hapo fundi aliyeko India au Marekani anaanzia wapi jamani? Shida zetu ni za kweli kabisa, ila tunazipeleka bila kuonyesha kazi iliyokwama ni ipi.

HATUA YA 1: Hakikisha unachotaka hakipo tayari
Vitu vingi vinavyoombwa vipo. Mfano kwenye Google Contacts, kuunganisha kontakti zilizojirudia kupo, fungua kwa kompyuta uangalie menyu ya kushoto. Umefuta kontakti kwa bahati mbaya? Unaweza kurudisha zilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Kutuma imeili kwa kundi pia kupo, wape watu lebo, sema "Wageni wa Kaole", halafu kwenye Gmail ya kompyuta andika jina la lebo pale unapoweka anwani.

HATUA YA 2: Toa kopi ya akiba
Hii usiiruke hata kama una haraka. Toa faili la vCard (kadi za majina zinazosomwa na programu nyingi za kontakti) na la CSV (jedwali la maandishi matupu), yote mawili. La CSV ukilifungua moja kwa moja kwenye Excel namba za simu zinaharibika, ile sifuri ya mbele inaondoka, na iliyoanza na +255 unaweza kuikuta imekuwa 2.55712E+11, ukisevu hapo ndio imeenda. Kwa hiyo usilifungue kwa kubofya, liingize kupitia menyu ya data na ile safu ya simu uiwekee aina ya maandishi.

HATUA YA 3: Eleza kazi iliyokwama, usianze na dawa
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Usiseme "wekeni kitufe cha bluu juu kulia", sema ulikuwa unafanya nini, ukapata nini, ulitegemea nini. Na ombi moja kwa ujumbe mmoja, ukirundika matano litashughulikiwa lile jepesi na mengine yatazama. Mfano wa ombi lililokaa vizuri:

"Tunapokea wageni kwenye gesti Bagamoyo. Nikitafuta Mohamed simpati mtu aliyeseviwa Muhammad, Mohammed au Mohd, inabidi nitafute mara nne. Nategemea nikiandika mojawapo nione wote. Hapa kwetu jina hili wanalo watu wengi mno, na kila mmoja analiandika kivyake."

Mistari michache tu lakini fundi ameshaona shida na anaweza kuijaribu mwenyewe. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, wanachotafuta ni mfano.

Tukiwa kwenye majina, hili naomba tulipiganie kweli. Programu nyingi zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, sasa Juma Ali Salum, Salum ni babu yake, programu ikituma barua ya moja kwa moja inamwamkua kwa jina la babu, mtu mzima anaona amevunjiwa heshima. Halafu nyingine hazionyeshi pa kuweka Bi, Mzee, Ustadh au Mwalimu. Wakati kwenye vCard yenyewe jina lina sehemu tano, na mojawapo ni ya cheo kinachotangulia jina! Kwa hiyo ukiomba, waambie sehemu hiyo ipo kwenye vCard, waionyeshe tu kwenye skrini na waitumie kwenye salamu. Ombi la namna hiyo ni gumu kukataliwa maana nusu ya kazi imeshafanyika.

HATUA YA 4: Picha ya skrini, ila ficha wageni
Tengeneza kontakti ya uongo ndio uipige picha. Usiwatumie sapoti faili zima la wageni wako hata wakikuomba, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na zaidi ya sheria yule mgeni alikuamini wewe.

HATUA YA 5: Tuma
Taja aina ya simu na toleo la apu. Kama kuna mtu ameshaomba kitu hichohicho ongeza mfano wako hapohapo, usianzishe jipya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwongoza watalii: Mkuu nina wageni kama 800 wa miaka yote, nataka niwatumie wote salamu za msimu kwa mpigo ila Gmail inagoma. Niombe waongeze?
Jibu: Hapo usipoteze muda kaka. Gmail ya bure ina kikomo cha watu 500 kwa siku, wameweka makusudi kuzuia spamu. Tumia programu za kutuma majarida, weka kiungo cha kujitoa, na watumie waliokubali tu. Ukituma mwenyewe kwa mafungu, anwani ziweke BCC (sehemu ya anwani zilizofichwa) wasionane.

Dada wa gesti: Shikamoo kaka, bando likiisha kontakti sizioni kabisa, hili nalo ni la kuomba?
Jibu: Marahaba. Kwanza angalia kwenye simu kama kusinki (simu na akaunti kunakiliana kontakti) kumewashwa, kontakti za Google zikishasinki kwenye Android zinaonekana hata bila intaneti. Kama ni programu nyingine basi omba, ila sema wazi unataka kusoma tu bila bando au na kuhariri pia. Kuhariri ni kazi kubwa zaidi kwao, maana wawili mkibadilisha kontakti moja lazima programu ijue ya nani ibaki.

Msanii: Niliomba wakajibu "tumepokea", tangu hapo kimya.
Jibu: Toleo jipya likitoka soma walichobadilisha. Kama hakimo rudi kwenye ujumbe uleule na mfano mpya, hasa ukiweza kuonyesha kazi iliyokupotea kwa sababu hiyo.

Mwenye gesti: Kijana wa mapokezi akiacha kazi anaondoka na kontakti zote, programu ikataze hilo.
Jibu: Mzee wangu hapo programu haina kosa, kontakti zinakaa kwenye akaunti ya kijana. Fungua akaunti ya gesti yenyewe, namba ya kurudishia nywila iwe ya kwako, wageni wote wasevu humo. Akiondoka unabadilisha nywila na kutoa vifaa vyake kwenye orodha ya walioingia. Cha kuomba kwa wenye programu ni kila mfanyakazi awe na ruhusa yake, huyu asome tu, yule ahariri, na kutoa faili zima abaki nako mwenye gesti peke yake.