Jambia la urithi: usilisugue kabla ya kuliuza

Ukirithi majambia ya babu, usiyasugue kwa ndimu na majivu ndipo uyapeleke kuuza Mji Mkongwe, Zanzibar. Weusi ule juu ya madini ya fedha ndio unaomwonesha mnunuzi kuwa kitu ni cha zamani. Ukiutoa, nakshi nazo hulika na bei hushuka. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kisha gusisha sumaku kwenye ala, yaani mfuko wa jambia: ikinasa, ndani mna chuma. Isiponasa usishangilie kuwa ni fedha, maana shaba nayo hainasi. Hapo mpelekee sonara aipime. Kutu nyekundu kwenye bapa ni jambo jingine, hiyo inakula chuma: ipake tone moja la mafuta ya cherehani. Na mpini wa pembe ya kifaru usimuuzie mtalii. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, inaibana biashara hiyo tangu 1977, atanyang'anywa uwanja wa ndege.