Kupunguza kelele na joto katika kabini ya lori kuukuu

Shofere anayetoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa anaweza kukaa kwenye foleni ya mpakani mwa Kongo na Zambia muda mrefu kuliko alioutumia barabarani, na mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado haijashika, bati la paa humchoma utosini huku injini ikimchemkia chini ya kiti.

Usianze kwa kununua vifaa. Ng'oa viti na kapeti, uingie kabinini usiku, na mwenzako amulike tochi kutoka chini. Kila nuru inayopenya ni njia ya kelele, vumbi na moshi. Matundu yanayopitisha nyaya yazibwe kwa mpira, na mipira ya milango iliyokauka ibadilishwe. Kwa maoni yangu, hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na likikauka lifutwe mafuta yote.

Sasa gonga bati kwa vidole. Likilia kama debe tupu, linahitaji kutulizwa. Likijibu kwa sauti fupi na nzito, liache. Mkeka wa butili (mpira mzito unaonata) wenye karatasi ya alumini, unene wa milimita 2, si lazima ufunike bati zima, kwa maana robo hadi nusu ya eneo, hasa katikati ambako mtetemo ni mkubwa, kwa kawaida hutosha. Ukandamize kwa rola mpaka nakshi za alumini zilale. Wako wanaotumia lami ya kuezekea, lakini juani hulainika, hunuka, na ile ya darini humdondokea dereva.

Butili hutuliza mtetemo tu. Joto huzuiwa na tabaka la juu yake, yaani sponji isiyonyonya maji, ya milimita 6 hadi 10. Mimi niliwahi kutandika sponji ya godoro sakafuni. Msimu mmoja wa mvua ulipopita niliinua kapeti, nikaikuta imelowa kama kitambaa cha kudekia, na bati chini yake limeliwa hadi kidole kikapita.

Kifuniko cha injini kina masharti yake. Hapo tumia pamba ya kioo yenye alumini upande unaotazama injini, wala si sponji inayoshika moto, na uifunge kwa skrubu zenye washa (vipete bapa vya chuma) pana, kwa kuwa gundi ya kawaida huachia kwenye joto. Iwe mbali na turbo na bomba la moshi. Alumini hurudisha joto pale tu inapokabili nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya vitu viwili, hulipitisha.

Unaporudisha viti, kata sponji kuzunguka matundu ya bolti za viti na mikanda, ili zikaze chuma kwa chuma. Kisha washa injini kwa nusu saa, kabini ikiwa imeshushwa na kufungwa mahali pake, na unuse: harufu ya kuungua ikitokea, fungua kifuniko kabla ya kutoka garajini.