Mkikarabati nyumba huku mnaishi humo humo

Kama mnapiga plasta nyumba hapa Mbeya na hamna pa kuhamia, chumba kimoja kisiguswe mpaka vingine viishe. Humo wekeni magodoro, nguo, unga na madaftari ya watoto. Mlangoni tundikeni turubai, chini tandikeni gunia bichi la kufutia miguu. Kabla ya kufagia nyunyizeni maji. Shemeji asifagie kavu kwa bidii zake, vumbi la saruji litaishia kwenye mboga.

Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayoponza watu. Mtu anaingiza jiko la mkaa ndani usiku ili ukuta ukauke upesi. Msithubutu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Isitoshe, saruji haikomai kwa kukaushwa, inakomaa kwa maji, na kwenye baridi inachelewa zaidi. Mwagieni ukuta asubuhi na jioni kwa siku 7. Wapeni watoto kazi hiyo, wanaipenda kuliko kuoga.

Wajomba waliokuja kusaidia wabebe mchanga na kifusi. Nyaya za umeme aguse fundi mwenye leseni, hata mjomba akinuna.