Namna ya Kuchunguza Maisha ya Jamii ya Nguchiro katika Rasi ya Mweya

Mtafiti mchanga anayefika Mweya kwa mara ya kwanza huvutwa na tembo wanaoshuka kunywa maji katika Mfereji wa Kazinga, na si rahisi kumshawishi kwamba mnyama atakayemfundisha mengi zaidi kuhusu kuishi pamoja ni nguchiro, yule mdogo wa kilo moja na nusu hivi, mwenye milia ya giza mgongoni, anayepekua majani makavu karibu na nyumba za wafanyakazi. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi na wasaidizi wa utafiti wa hapa Uganda ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi porini. Neno langu kubwa kwao ni kwamba tabia ya jamii haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajui nani ni nani.

Mweya ni rasi ndogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga, na udogo wake ndio faida yake, kwa kuwa makundi kadhaa ya nguchiro huishi jirani na yanaweza kufuatwa kwa miguu. Mtafiti Jon Rood aliwachunguza hapa katika miaka ya 1970. Mwaka 1995 Michael Cant alianzisha uchunguzi ambao umeendelea kwa miongo, vizazi kwa vizazi vya wanyama wanaotambuliwa mmoja mmoja. Ni mara chache sana ambapo mamalia wadogo wa porini wamejulikana kwa undani kiasi hicho, na mengi nitakayoyaeleza yanatokana na kazi hiyo.

Kabla ya yote, pata vibali. Utafiti nchini Uganda husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kazi yoyote ndani ya hifadhi huhitaji idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Anza mapema, kwa sababu maombi huchukua muda, na usiingie vichakani bila kukubaliana na askari wa hifadhi kuhusu njia utakazopita. Viboko hupanda kutoka majini kulisha usiku na baadhi yao bado wako njiani alfajiri, saa ileile unayokwenda kuwasubiri nguchiro watoke shimoni. Nyati nao hulala kwenye vichaka ambavyo macho yako, yakiwa yamekazwa kwenye mnyama mdogo aliye chini, hayatavitazama.

Sasa tuje kwenye kuwatambua. Nguchiro wa kundi moja, ambao kwa kawaida ni kama ishirini, wanafanana mno, na dume na jike hawatofautiani kwa umbo la kuonekana kwa mbali. Watafiti wa Mweya hutumia alama mbalimbali: manyoya ya mgongoni hunyolewa kwa ruwaza maalumu, au hupakwa rangi ya nywele kwa walio wadogo, na chini ya ngozi huwekwa chipu ndogo ambayo haipotei hata manyoya yakiota upya. Mnyama hunaswa kwa mtego wa sanduku wenye chambo cha nyama, hutiwa nusukaputi kwa muda mfupi, hupimwa, na kipande cha ngozi cha milimita 2 huchukuliwa kwenye ncha ya mkia kwa ajili ya kupima vinasaba (DNA). Kazi hii hufanywa na waliofundishwa na kuidhinishwa peke yao. Mwanafunzi asiwashike nguchiro kwa mikono yake hata akiwaona wapole, kwa kuwa wanang'ata vibaya na mamalia wa porini wanaweza kubeba kichaa cha mbwa.

Wewe, kazi yako ni kujifunza alama hizo kwa moyo. Chora mgongo wa kila mnyama kwenye ukurasa wake katika daftari, andika jinsia na umri, kisha uongeze yale ambayo mtu hakuyaweka: sikio lililochanika, mkia uliokatika ncha, kovu usoni. Nenda shimoni kabla ya jua kuchomoza, ukae mbali na mlango, na uwahesabu wanapotoka mmoja mmoja kuota jua; hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote, kwa maana wamesimama wazi na hawana haraka. Mimi naamini wiki mbili za asubuhi kama hizo, bila kuandika tabia hata moja, zina thamani kuliko miezi miwili ya madaftari yaliyojaa maneno "mmoja alimkimbiza mwingine".

Wanyama nao lazima wakuzoee. Vaa nguo zilezile, tembea polepole, usikatize mbele ya kundi, na utoe sauti moja isiyobadilika kila unapofika ili wajue ni wewe. Baadhi ya nguchiro wa Mweya wamefundishwa kupanda juu ya mizani ya kubebeka asubuhi kabla ya kwenda kutafuta chakula, kwa malipo ya maziwa kidogo, na hivyo uzito wao hujulikana bila kuwanasa. Maziwa hayo yapimwe. Mnyama anayeshibishwa na mtafiti hatafuti tena chakula kama mnyama wa porini, na utakachokiandika kitakuwa tabia uliyoitengeneza wewe.

Ili kulipata kundi, mmoja au wawili huvishwa kola ya redio, nawe huifuata kwa antena. Wanahama mashimo kila baada ya siku chache, mara nyingi wakiishi ndani ya vichuguu, kwa hiyo andika kila shimo na mahali lilipo.

Kuhusu namna ya kuandika tabia, Jeanne Altmann, aliyewachunguza nyani wa Amboseli nchini Kenya, alionyesha mwaka 1974 kwamba anayeandika tu kile kinachomvutia macho huishia na orodha ya ugomvi na kelele, huku mambo ya kimya yakipotea. Chagua mnyama mmoja kabla hujatoka, umfuate kwa dakika ulizojipangia, na uandike kila afanyalo hata kama ni kuchimbua mbawakawa tu. Dakika zikiisha, nenda kwa anayefuata kwenye orodha, si kwa anayepigana. Kila baada ya muda maalumu, tazama kundi zima kwa mara moja na uandike nani yuko karibu na nani.

Hapa lugha inahitaji uangalifu ambao watu wengi hawaupi. Katika timu moja mtamkuta msaidizi wa Kasese, mwanafunzi wa Mbarara na askari wa Arua, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Neno "kufukuza" kwa mmoja lina maana ya kukimbizana hatua tatu, na kwa mwingine ni kutolewa kundini moja kwa moja, mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi katika maisha ya nguchiro. Napendekeza "kukimbiza" litumike kwa mbio fupi na "kufukuza" libaki kwa kumtoa mnyama kundini. Vivyo hivyo "kulea": tenganisheni "kulinda shimoni", yaani mkubwa anayebaki na vichanga wakati wenzake wamekwenda kutafuta chakula, na "kuongoza mtoto", yaani mkubwa anayefuatana na mtoto mmoja nje ya shimo. Andikeni maana hizi kwenye karatasi moja, kisha wawili mmtazame mnyama mmoja kwa wakati mmoja bila kusemezana, na mlinganishe madaftari. Yasipolingana, rudini kwenye karatasi kabla ya kurudi porini.

Tofauti hiyo ya malezi ina uzito kwa sababu ndipo ilipo ajabu ya nguchiro hawa. Majike kadhaa wa kundi moja hubeba mimba pamoja, na zaidi ya nusu ya mara zote huzaa usiku mmoja katika shimo moja. Mimba huchukua takriban miezi miwili, na vichanga hukaa ndani karibu mwezi mmoja. Watokapo, wengi hujishikiza kila mmoja kwa mkubwa wake, ambaye humlisha na kumlinda dhidi ya ndege wakubwa na kenge hadi afikie umri wa miezi mitatu hivi. Mkubwa huyo si lazima awe mzazi wake. Kwa hiyo usiandike "mama" eti kwa kuwa umemwona jike akimpa mtoto jongoo. Andika alama ya mkubwa na alama ya mtoto, na swali la uzazi uliachie vinasaba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, ambamo nusu ya majike wenye mimba waliongezewa chakula, lilionyesha kwamba waliolishwa walielekeza malezi zaidi kwa watoto wadogo wa majike ambao hawakuongezewa chakula. Jambo hilo lisingeonekana kamwe kama waangalizi wangejaza neno "mama" kwa kukisia.

Angalia pia chakula kinavyoshughulikiwa. Nguchiro husugua jongoo ardhini kabla ya kumla, na hurusha yai kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma ligonge jiwe au mti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Mweya walitumia mayai ya plastiki yenye chakula ndani, wakaona kwamba watoto baadaye hufuata njia ya mkubwa aliyewaongoza, kugonga au kung'ata. Basi andika namna mnyama alivyofungua chakula, usitosheke na kwamba alikula.

Ugomvi kati ya makundi huja ghafla, na hapo acha utaratibu wa dakika, uandike kila unachokiona kwa mfuatano: nani alitangulia, nani alirudi nyuma, na kama jike alipandwa na dume wa kundi la pili. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba majike wakiwa kwenye joto huweza kuliongoza kundi kwenye mapambano na kunufaika kwa kupandwa na madume wa nje, huku madume wao wakibeba majeraha. Usiingilie kati hata mnyama unayempenda akiumia.

Jioni wanaporudi shimoni, hesabu tena. Asiyeonekana asiandikwe kuwa amekufa. Andika "hakuonekana" pamoja na tarehe, kwa sababu majike, na mara nyingine madume, hufukuzwa kwa makundi na huweza kukubaliwa tena baada ya siku kadhaa, au kwenda kuanzisha kundi lao kwingine. Mtafute kwenye mashimo ya zamani na pembezoni mwa eneo la kundi, waulize wanaofuata makundi jirani, na uendelee kuliandika jina lake kwenye hesabu ya kila asubuhi hadi mwili au alama yake ipatikane.