Kabla ya Kupanda Fushimi Inari, Kyoto

Hekalu hili la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, lipo tangu mwaka 711, halina kiingilio na halifungwi usiku wala mchana. Usihangaikie tiketi, hangaikia saa. Fika kabla ya saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne, njia ya malango mekundu, yaani torii, imeshajaa watu bega kwa bega.

Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya njia ya Nara ya JR, shirika la reli, inayosimama kila kituo, ushuke Inari, kituo cha pili. Ile ya haraka iitwayo Miyakoji hupitiliza.

Weka sarafu mfukoni kwa ajili ya sadaka. Ya yeni 5 inatosha.

Kwenye maji ya kutawadhia, teka kata moja tu. Osha mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, tema chini pembeni, osha tena kushoto. Simamisha kata ili maji yaliyobaki yasafishe mpini. Usiitie mdomoni kamwe! Palipoondolewa kata, nawa kwenye maji yanayotiririka.

Sasa mlima ulio nyuma ya hekalu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Urefu wake ni mita 233, na namba hiyo huwadanganya wengi. Mzunguko wote ni kama kilomita 4, sehemu kubwa ngazi za mawe, na huchukua saa mbili hadi tatu. Mtu huja Agosti, joto limepita nyuzi 35, kavaa kandambili, ana kichupa cha maji. Anafika Yotsutsuji, njia panda ya katikati ambako mji unaonekana vizuri kabisa, anajiambia kileleni kutakuwa bora zaidi. Anajikokota hadi juu, magoti yanatetemeka, anakuta madhabahu na miti; mji hauonekani. Ukiwa na mzee au mtoto, ishieni Yotsutsuji, mpumzike, mshuke. Anayeendelea avae viatu vya kufunga, abebe maji lita moja, na aende chooni kabla ya kupanda.

Mbele ya jengo kuu huinamwa mara mbili, hupigwa makofi mawili, huombwa, kisha huinamwa mara moja. Kama imani yako hairuhusu, hulazimiki. Simama kando kwa utulivu, na usiwapige picha wanaoombewa ndani.

Mapipa ya taka ni nadra, kwa hiyo beba mfuko wako. Jioni vibanda vya chai hufungwa, nguruwe pori hutokea, na ngazi zikilowa huteleza, hivyo usiache njia kuu, usipande peke yako gizani, na simu iwe na chaji.