Listi ya zawadi za bathdei, usiitume na mwaliko

Kama unafanya bathdei na uko na listi ya zawadi unazotaka, usiibandike kwa grupu ya WhatsApp pamoja na mwaliko, hiyo inakaa harambee. Tuma mwaliko peke yake, halafu mtu akikuuliza "nikuletee nini?" ndio unamtumia listi inboksi. Na uchanganye bei bana, kikombe cha mia mbili kiwe hapo, leso ya Biashara Street, sufuria ya elfu tatu pia, ndio yule mshahara haujaingia asikuje amejificha. Kitu kubwa kama maikrowevu wacha beste wako achangishe kwa M-Pesa yake, si yako. Lakini kama watu wanajilipia chakula hotelini, listi wachana nayo kabisa, mtu ashalipa nyama choma na teksi ya kurudi Rongai usiku.